Shamba la Umeme wa Jua Dodoma: Jinsi ya Kujua Kama Ardhi Inaruhusu Kabla ya Kutoa Fedha

Neno "shamba" limewaponza wengi. Mwenye ekari thelathini Bahi au Chamwino, akisikia kwamba kuna mtu anatafuta eneo la kujenga shamba la jua, hujiona ana kila kinachotakiwa: eneo lake ni shamba, karatasi yake imeandikwa kilimo, na jua la Dodoma halihitaji shahidi. Mbele ya afisa mipangomiji, hata hivyo, paneli hazilimwi. Mtambo wa kuzalisha umeme ni matumizi mengine kabisa ya ardhi, yenye uzio, barabara ya malori, nyaya, transfoma na jengo la udhibiti, na hati ya kilimo haigeuki kuwa ruhusa ya kuzalisha umeme kwa sababu tu mradi umepewa jina la shamba.

Mwongozo huu unamhusu mwenye ardhi, ushirika au kampuni inayofikiria mradi wa kusimikwa ardhini katika Mkoa wa Dodoma na maeneo jirani ya Singida, hasa mradi wa megawati 1 hadi 10. Anayeweka paneli juu ya paa la nyumba au ghala lake hana haja ya kupitia hatua nyingi zinazoelezwa hapa. Kanuni za kupanga mitambo ya jua hazikai katika kitabu kimoja. Zimetawanyika katika sheria za ardhi, mipango miji, matumizi ya ardhi vijijini, mazingira, maji, barabara na umeme, na ustadi wa kazi hii ni kujua uanze na ipi. Kwa maoni yangu wanaopoteza fedha karibu wote walianza na bei, wakafuata na paneli, na ndipo wakauliza habari ya mpango wa ardhi. Mpangilio huo ugeuzwe.

Anza na ukubwa, kwa sababu ukubwa ndio unaoamua nani wa kukubali

Kwa paneli za kawaida zilizofungwa juu ya vyuma visivyozunguka, kadiria hekta 1.5 hadi 2 kwa kila megawati, ukihesabu nafasi kati ya safu na safu ili moja isitie nyingine kivuli, njia za ndani na eneo la transfoma. Mradi wa megawati 10 basi utahitaji hekta 15 hadi 20, yaani ekari 37 hadi 50 hivi. Hesabu hiyo haijumuishi njia ya umeme kutoka kwenye mtambo hadi kwenye gridi wala barabara ya kufikia eneo, na vitu hivyo viwili hupita juu ya ardhi za watu wengine ambao pia wana haki zao. Andika makadirio yako kwa hekta. Sheria za ardhi zinahesabu kwa hekta, na mkanganyiko kati ya ekari na hekta umewahi kufanya muhtasari mzima wa mkutano wa kijiji urudiwe.

Ardhi yako iko katika kundi gani

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinagawa ardhi ya Tanzania Bara katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kabla ya jambo lolote unapaswa kujua eneo lako liko katika kundi lipi, kwa kuwa mlango wa kubisha hutofautiana. Katika ardhi ya jumla utashughulika na halmashauri ya jiji, mji au wilaya, pamoja na ofisi ya Kamishna wa Ardhi Msaidizi ya mkoa. Katika ardhi ya kijiji utaanza kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Katika ardhi ya hifadhi, iwe msitu au pori la akiba kama Swagaswaga, shauri lenyewe karibu limekwisha kabla halijaanza, na ushauri wangu ni kutafuta eneo jingine.

Dodoma ina ugumu wake wa kihistoria. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo iliwapa wananchi mikataba ya miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamishiwa halmashauri, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuonyesha karatasi ya zamani ya CDA, barua ya toleo, au barua ya serikali ya mtaa, kila moja ikiwa na uzito tofauti. Mradi wa umeme wa jua huhesabiwa kwa miaka 25 na zaidi, na mkataba wa zamani uliobakiza miaka michache hauwezi kuubeba. Muuzaji akamilishe kwanza kubadilisha mkataba huo kuwa hati ya sasa, inayoweza kufika miaka 99, na gharama ya kubadilisha iwe juu yake.

Tatizo jingine ni mpaka kati ya jiji na vijiji. Eneo la Jiji la Dodoma lina kilomita za mraba 2,769, na ndani yake kuna sehemu ambazo kwa macho ni mbuga, mashamba ya mtama na mizabibu. Mtu aliyesimama katikati ya shamba la Hombolo au Mpunguzi anaweza kuapa kwamba yuko kijijini, ilhali mpango wa jiji umeshapita juu ya kichwa chake. Njia salama ni moja: mtafute mpima ardhi mwenye usajili, achukue majira-nukta ya kona zote za eneo, kisha upeleke namba hizo ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuomba kwa maandishi waeleze eneo liko katika kundi gani na limepangwa kwa matumizi gani. Usiende na maelezo ya "pale nyuma ya mnada, karibu na mbuyu." Mibuyu ya Dodoma ni mingi.

Ikiwa eneo liko ndani ya jiji au mji

Hapa sheria inayotawala ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 na kanuni zake, zikiwemo zile zinazopanga makundi ya matumizi ya ardhi. Kwa Jiji la Dodoma kuna Mpango Kabambe wa mwaka 2019 hadi 2039, ambao huonyesha kwa upana maeneo ya makazi, viwanda, kilimo cha mjini, taasisi, ukanda wa kijani na miundombinu. Chini yake kuna michoro ya kina ya mipangomiji, ile ambayo mafundi na madalali huiita TP, inayoonyesha kila kiwanja na matumizi yake. Uliza vyote viwili. Mpango kabambe unaweza kuonyesha kwamba ukanda mzima ni wa kilimo, huku TP iliyoidhinishwa baadaye ikiwa imeshachora barabara katikati ya eneo lako.

Kama matumizi yaliyoandikwa ni kilimo au makazi, utahitaji kuomba mabadiliko ya matumizi. Ombi huandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, likiambatana na nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, mchoro unaoonyesha eneo na majirani, na maelezo ya mradi. Kusudio hilo hutangazwa ili majirani na wananchi wapate nafasi ya kupinga, kisha huingia kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipangomiji, na kutoka hapo kupelekwa kwa mamlaka za juu za idhini. Yakikubaliwa, hati ya zamani hurudishwa na mpya hutolewa ikiwa na matumizi mapya. Usianze kusafisha eneo kabla ya hatua hiyo ya mwisho. Barua ya kamati inayosema ombi "limepokelewa" si kibali, hata kama ina mhuri mkubwa.

Majirani hawa wafikiwe kabla ya tangazo. Mtu anayesikia habari ya mradi mara ya kwanza kwenye karatasi iliyobandikwa mtini ataweka pingamizi hata kama hana sababu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, omba kikao, eleza urefu wa paneli, mahali uzio utakapopita, na kama njia ya watoto kwenda shule itabaki wazi. Swali la njia huulizwa kabla ya swali la umeme, kila mara.

Ndani ya jiji kuna sehemu mbili za kuangalia kwa makini zaidi. Ya kwanza ni upande wa Msalato, kaskazini mwa mji, kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa. Mng'ao wa vioo kuelekea njia ya ndege na urefu wa nguzo ni mambo yanayogusa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo maoni yao yaombwe mapema. Ya pili ni Makutupora, ambako kuna visima vinavyoipatia Dodoma sehemu kubwa ya maji yake. Eneo linalolinda chanzo cha maji si mahali pa kuchimbia mamia ya nguzo wala kuhifadhia mafuta ya transfoma, hata kama bei yake inavutia.

Ikiwa eneo liko kijijini

Miradi mingi ya jua katikati ya nchi itaangukia huku, kwenye ardhi ya kijiji, na huku pia ndiko watu hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ardhi ya pamoja, kama malisho, visima na makaburi, ardhi inayomilikiwa na watu au familia, na ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Juu ya mgawanyo huo kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, kwa msaada wa timu ya wilaya na chini ya uratibu wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Mpango huo huwa na ramani, maelezo na sheria ndogo. Kazi yako ya kwanza kijijini ni kumwomba mtendaji wa kijiji akuonyeshe vitu vitatu: cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya mpango wa matumizi bora, na rejista ya ardhi. Kijiji kisicho na mpango hakikuzuii moja kwa moja, lakini kinakuachia mzigo wa kuthibitisha mambo ambayo ramani ingeyathibitisha, na mara nyingi ni nafuu kugharimia maandalizi ya mpango kuliko kugharimia kesi.

Ramani ikionyesha kwamba eneo ni la malisho, simama. Wageni wengi huliona eneo la malisho kama eneo tupu. Halina nyumba, halina mazao, na wakati wa kifuku mifugo inapokuwa imehamishiwa kwingine, halina hata ng'ombe. Niliwahi kukagua eneo moja magharibi mwa Dodoma mwezi wa Machi, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, na wenyeji watatu walionipeleka walisema kwamba halitumiwi na mtu. Niliporudi Agosti, nyasi zikiwa zimeisha, nilikuta pito la mifugo lenye upana wa hatua arobaini likilikata eneo lote kutoka kusini hadi kwenye lambo. Wale wenyeji hawakuwa wamesema uongo wa kukusudia. Wao walikuwa wakulima, na pito halikuwa lao. Tangu hapo sikubali kupendekeza eneo ambalo halijaonwa katika misimu yote miwili. Malisho yana ulinzi wake pia katika Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, hivyo aliye na haraka asidhani kwamba ni suala la adabu peke yake.

Kubadilisha matumizi yaliyomo kwenye mpango wa kijiji kunawezekana, ila ni lazima kupitie njia ileile iliyouzaa mpango: kamati ya matumizi ya ardhi, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha wilaya. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mwenyekiti na mtendaji wakikusainia barua ofisini, wakakugongea mhuri na kukuandalia soda, bado huna kitu. Unachohitaji ni muhtasari wa mkutano mkuu uliotangazwa ipasavyo, wenye orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, ajenda iliyotaja mradi kwa jina lake halisi, ukubwa kwa hekta, na uamuzi ulioandikwa bila maneno ya kuzungukazunguka. Hakikisha wafugaji, wanawake na vijana wamo kwenye orodha ile. Mkutano uliohudhuriwa na wazee wa ukoo mmoja ni mwaliko wa mgogoro.

Ukubwa sasa unarudi mezani. Kanuni za Ardhi ya Vijiji za mwaka 2001 zinaipa halmashauri ya kijiji, ikiwa na idhini ya mkutano mkuu, mamlaka ya kugawa hadi hekta 20. Kuanzia hapo hadi hekta 50 suala linahitaji idhini ya halmashauri ya wilaya. Zaidi ya hekta 50 linafika kwa Kamishna wa Ardhi. Ukirejea makadirio ya mwanzo utaona kwamba mradi wa megawati 10 uliobanwa vizuri unaweza kutoshea ndani ya hekta 20. Hata hivyo, asasi isiyo ya kijiji, na kampuni ni mojawapo, haipewi ardhi kama anavyopewa mkazi. Maombi yake hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, ambayo hutoa mapendekezo kwa Kamishna, naye ndiye anayekubali au kukataa. Usimwamini dalali anayesema kwamba chini ya hekta 20 kila kitu kinamalizikia kijijini.

Kwa miradi mikubwa, na hasa inayohusu maslahi ya umma, ardhi ya kijiji inaweza kuhawilishwa kuwa ardhi ya jumla. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Kwa makadirio ya hekta 2 kwa megawati, hata mtambo wa megawati 100 uko chini ya hekta 250, jambo ambalo wanakijiji wengi hawalijui na wawekezaji wengi hawalitaji. Uhawilishaji haukamiliki mpaka aina, kiasi, njia na muda wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa. Mfano wa kujifunzia namna eneo kavu linavyogeuka kuwa eneo la umeme uko jirani, katika kijiji cha Ngunga wilayani Kishapu, Shinyanga, ambako serikali inajenga mtambo wa megawati 150 ukianza na awamu ya megawati 50.

Asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja. Hupata haki isiyo ya asili, yaani haki ya kutumia ardhi inayotokana na ile ya mwingine, kwa ajili ya uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu mwaka 2025 imeunganishwa na ile ya maeneo maalumu ya kiuchumi kuwa TISEZA. Kumtumia ndugu au rafiki Mtanzania kama jina la kufunikia ni njia ya mkato ambayo mwishowe hukata upande wako.

Vipande vitakavyoliwa na hifadhi

Hata baada ya matumizi kukubaliwa, eneo lote halitakuwa lako kulijaza paneli. Chukua karatasi ya mchoro na uanze kukata hifadhi, yaani kanda zinazoachwa wazi kando ya mito, barabara, njia za umeme na reli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, lambo au ziwa. Dodoma ina mito mingi ambayo kwa miezi saba ni mchanga mtupu, na mtu anaweza kuidharau. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na korongo lililolala kimya Oktoba linaweza Januari kubeba lori. Kwa barabara kuu na za mkoa, acha mita 30 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande, na kwa barabara za wilaya waulize TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkuza, yaani ukanda wa njia ya umeme, una upana wake kulingana na msongo, na chini yake huruhusiwi kusimika chochote bila ridhaa ya mwenye njia. Hifadhi ya reli nayo ipo, na sasa kuna reli mbili za kuangalia, ile ya zamani na ile ya kisasa ya umeme.

Makaburi yana sheria yake ya tangu mwaka 1969 inayohusu kuyahamisha, lakini ushauri wangu ni kuyaacha. Yazungushie uzio mdogo, uache njia ya familia kuyafikia, na upange safu za paneli zipite pembeni. Utapoteza paneli chache na kuepuka ugomvi usioisha.

Kondoa inahitaji aya yake. Mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Irangi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu kubwa ya eneo lililoharibika. Anayekuja leo na greda kung'oa kila kichaka kwenye mteremko ili kusawazisha uwanja wa paneli anafungua kidonda ambacho wazee wa huko wanakikumbuka. Chagua tambarare, acha nyasi chini ya paneli na kuzikata, na uelekeze maji ya mvua kwenye mifereji yenye vizuizi vya mawe. Tena upande wa Kolo kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na vilima vinavyoizunguka si mahali pa kupeleka maombi.

Udongo mweusi wa mbuga, unaoonekana sana Bahi na sehemu za Manyoni, haukatazwi na sheria, lakini hutanuka kwa maji na kupasuka kwa ukame, nguzo zikahama. Gharama ya msingi wake inaweza kumeza unafuu wote wa bei ya ardhi.

Maji ya kuoshea paneli

Suala hili hupita bila kuonwa katika maombi mengi. Kiangazi cha Dodoma kina vumbi la kutosha kupunguza uzalishaji, kwa hiyo paneli zitaoshwa au kufutwa. Kama utachimba kisima, utahitaji kibali cha kuchimba na kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kutoka bodi ya maji ya bonde. Angalia uko bonde lipi, maana mkoa huu umegawanyika: upande wa Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, Bahi huingia Bonde la Kati, na maji ya kusini yanayoelekea Mtera ni ya Rufiji. Kijiji kinachochota maji kwa foleni hakitaelewa kwa nini vioo vinaoga, kwa hiyo kama unaweza kutumia brashi kavu, iandike kwenye maombi.

Umeme na mazingira

Sehemu ya umeme ina wataalamu wake, nami nitaigusa kwa kadiri inavyohusu mahali. Mradi ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya uzalishaji ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ingawa msamaha huo hauuondoi katika sheria za ardhi, mipango wala mazingira. Miradi midogo ya hadi megawati 10 ina utaratibu wake na mkataba wa kiolezo wa kuuzia TANESCO umeme. Njia kuu ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, inapita katika mashamba mengi ya mkoa huu, na wauzaji hupenda kuionyesha minara yake kama sababu ya kupandisha bei. Minara hiyo haikusaidii. Mradi wa megawati 5 huunganishwa kwenye msongo wa kilovoti 33, na kinachohesabika ni umbali wako hadi kwenye laini hiyo na uwezo wa kituo cha kupoza umeme kinachoilisha, kama kile cha Zuzu. Omba maoni ya TANESCO kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali ya ardhi.

Kwa upande wa mazingira, sajili mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira, ukiwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Ukubwa wa mradi na hali ya eneo ndivyo vitakavyoamua kina cha tathmini. Mtaalamu huyo apewe ramani uliyokwisha kuikata kwa hifadhi zote, si eneo zima, ili ripoti yake na ombi lako la matumizi viseme kitu kimoja. Ripoti inayotaja hekta 18 na muhtasari wa kijiji unaotaja ekari 50 zitakuchelewesha hata kama tofauti ni ya hesabu tu. Vibali vya ujenzi na usajili wa mahali pa kazi kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hufuata baadaye na havina utata mwingi.

Kununua, kukodi, na siku ya kuondoka

Mwenye shamba lenye hatimiliki ya kimila anaweza kuamua kukodisha badala ya kuuza, na kwa miradi midogo mimi hupendelea hivyo, kwa kuwa familia hubaki na ardhi yake. Mkataba wa kukodi upite kwa halmashauri ya kijiji, uandikwe kwa Kiswahili, na ridhaa ya mwenza wa ndoa iwe kwenye maandishi. Kodi itajwe kwa hekta kwa mwaka, pamoja na namna itakavyopanda.

Pale ambapo watu wanaondolewa, uthamini ufanywe na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fidia huhesabu thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, na juu yake posho za usumbufu, usafiri na makazi pamoja na faida iliyopotea pale zinapostahili. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita riba huanza kuhesabiwa, na uthamini uliopita miaka miwili bila kulipwa hurudiwa. Mwekezaji asiye na fedha mkononi asiharakishe uthamini.

Mwisho, kifungu cha kuondoka kiandikwe siku ileile ya kuingia. Kitaje nani atang'oa nguzo na kwa kina gani, nani atachukua paneli zilizokufa kwa kufuata kanuni za mwaka 2021 za taka za umeme na kielektroniki, fedha za kazi hiyo zitawekwa wapi kuanzia mwaka wa ngapi, na nani kutoka kijijini atatembea shambani na kusaini kwamba ardhi imerudi inalimika au inalishika.